Kuunda Baiskeli ya Barabarani kwa Fremu Nafuu ya Kaboni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Fremu ya kaboni isiyo na jina kubwa, inayoagizwa moja kwa moja kutoka kiwandani, kwa kawaida hufika kwenye boksi pamoja na uma wa mbele, nguzo ya siti, hanga ya gia (kipande kidogo kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma) na kimfuko cha skrubu, huku karatasi ya maelezo ikiwa haipo au haisaidii kitu. Nimeunda baiskeli kadhaa kwa fremu za namna hiyo na bado naziendesha. Neno ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: unapolipa kidogo, ukaguzi wa mwisho unahama kutoka kwa mtengenezaji na kuwa kazi yako. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima na kukagua, kwani kufunga vipuri ndiyo kazi nyepesi zaidi katika shughuli yote.

Mfano ninaoufuata hapa ni fremu ya breki za diski, yenye ekseli za milimita 12, upana wa habu (kitovu cha gurudumu) wa milimita 100 mbele na 142 nyuma, na gia zinazovutwa kwa kebo.

Hatua ya kwanza: Kuagiza fremu

Usiagize fremu iliyobandikwa jina la kampuni maarufu kwa bei ya fremu isiyo na jina. Hiyo ni ya kughushi, na aliyekubali kughushi jina hana sababu ya kukueleza ukweli kuhusu kilichomo ndani ya rangi. Tafuta muuzaji anayeuza fremu kwa namba yake ya modeli, kisha umwombe ripoti ya majaribio ya ISO 4210 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli), ambayo sehemu yake ya 6 inahusu majaribio ya uchovu na ya kugongwa kwa fremu na uma. Soma ripoti hiyo kwa makini, uhakikishe kwamba namba ya modeli iliyoandikwa ndani yake ni ile unayoinunua.

Nunua fremu kwanza na vipuri baadaye. Wengi hununua kranki (mikono ya pedali), beringi na magurudumu mapema ili vyote vifike pamoja, kisha hugundua kwamba nyumba ya kranki (tundu la fremu ambamo ekseli ya kranki huzungukia) ni ya kipimo kingine na wanalazimika kuanza kutafuta adapta.

Hatua ya pili: Kukagua kabla ya kufunga kitu chochote

Tenga saa nzima kwa kazi hii, mahali penye mwanga wa kutosha. Futa fremu kwa kitambaa chenye maji kidogo, uikaushe, kisha upitishe tochi kwa mshazari juu ya kila bomba. Mwanga wa mshazari huonyesha mabonde, mikunjo na sehemu zilizojazwa kwa nta au plasta kabla ya rangi. Tazama hasa maungio: chini ya bomba la usukani, kuzunguka nyumba ya kranki, na pale mabomba ya nyuma yanapokutana na nafasi za ekseli.

Baada ya hapo chukua sarafu na ugonge taratibu, sentimita kwa sentimita. Kaboni iliyoshikamana vizuri hutoa mlio mkali na mfupi, ilhali tabaka zilizoachana hutoa mlio mzito kama wa karatasi nene. Unene wa bomba hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine na mlio hubadilika nao, kwa hiyo linganisha upande wa kulia na wa kushoto mahali palepale. Tofauti baina ya pande hizo mbili ndiyo inayopaswa kukutia shaka.

Unyofu wa fremu hupimwa kwa uzi. Funga uzi kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, uuzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe hadi nafasi ya ekseli ya upande wa pili na kuukaza. Sasa pima umbali kutoka bomba la siti hadi uzi, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 2, mimi hupiga picha na kurudisha fremu bila kujadiliana na nafsi yangu, kwa sababu kaboni haipindwi ikarudi kama chuma.

Mwisho, ingiza nguzo ya siti ikiwa kavu. Katika fremu moja, nguzo ya milimita 27.2 ilishuka vizuri hadi kama sentimita 12, kisha ikagoma. Nilipomulika ndani niliona tone la epoksi (gundi ya kaboni) lililogandia ukutani, dogo kama punje ya mtama. Nililisugua kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti hadi likaisha. Lau ningeilazimisha nguzo, tone lile lingechora mfereji kwenye nyuzi zake, na mfereji wa namna hiyo ndipo ufa unapoanzia.

Hatua ya tatu: Nyumba ya kranki

Hapa ndipo fremu nafuu hukosewa zaidi, na hapa ndipo vernia (kifaa cha kupimia upana na vipenyo) inapolipa gharama yake. Pima upana wa nyumba na kipenyo cha ndani. Upana wa milimita 68 wenye hesi za inchi 1.37 ni BSA. Upana wa milimita 86.5 wenye tundu laini la milimita 41 ni BB86. Tundu laini la milimita 46 kwenye upana wa 68 ni PF30, na lenye hesi za milimita 47 ni T47. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua nyumba yenye hesi, kwa sababu beringi za kushindiliwa huhitaji tundu la duara kamili, na ukamilifu huo ndio unaokosekana katika kazi ya haraka.

Tundu laini lipime katika pande nne tofauti, na kwa vina viwili. Fremu yangu ya tatu ilikuwa ya BB86, na vernia ilisoma 41.0 kwa wima na 41.2 kwa mlalo. Sehemu mbili za kumi za milimita zinaonekana ndogo mno, lakini kikombe cha beringi kilichomo ndani ya tundu lenye umbo la yai hucheza kidogo kila unapokanyaga pedali, na baada ya safari chache huanza mlio wa kero ambao hakuna grisi inayouzima. Nilituma picha za vernia katika vipimo vyote viwili, na muuzaji akaleta fremu nyingine. Lau ningekuwa nimeshashindilia beringi, nisingekuwa na hoja.

Tundu likiwa sawa, ondoa rangi na vumbi la kaboni ndani yake, kisha shindilia vikombe kwa kibanio cha beringi kimoja baada ya kingine, bila nyundo. Kwa BSA, paka grisi kwenye hesi na ukumbuke kwamba kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi za kinyume, kwa hiyo hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Anza kwa vidole. Kikigoma kabla ya mizunguko mitatu, kitoe na usafishe hesi. Toki (nguvu ya kukazia) ya kawaida ya vikombe hivi ni Nm (niutoni-mita) 35 hadi 50.

Hatua ya nne: Uma na usukani

Weka beringi za usukani kwenye viti vyake kwa mkono. Zinapaswa kuingia kwa kusukumwa kidogo na kukaa bila kutikisika. Soma maandishi yaliyo kwenye beringi: pembe ya digrii 36 na pembe ya digrii 45 hazibadilishani, na beringi ya pembe isiyo yake hukuachia usukani unaocheza hata ukaze vipi. Rangi iliyovimba kwenye kiti cha beringi iondoe kwa msasa laini, rangi tu, bila kugusa kaboni.

Sasa kukata shina la uma, kazi ambayo haina marekebisho. Panga kila kitu mahali pake: beringi, pete za kuinulia, stemu (kipande kinachounganisha hendeli na shina la uma), na pete moja ya milimita 5 juu ya stemu. Pete hiyo ya juu naitaka daima, kwa kuwa inahakikisha stemu inabana shina kwa urefu wake wote badala ya kubana ukingo. Chora alama milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa pete hiyo. Ikiwa hujawahi kuendesha baiskeli ya vipimo hivi, acha pete mbili zaidi na ukate mara ya pili baada ya mwezi mmoja. Shina refu hufupishwa, fupi halirefushwi.

Zungusha utepe wa karatasi juu ya alama, funga kiongozi cha msumeno, vaa barakoa na glavu, na ulowanishe shina. Vumbi la kaboni huwasha ngozi na halifai kuvutwa mapafuni. Tumia msumeno wa meno 32 kwa inchi, ukate kwa mwendo mrefu na mwepesi hadi karibu robo tatu, kisha geuza uma na umalizie kutoka upande wa pili ili nyuzi za mwisho zisichanike. Lainisha ukingo kwa msasa, ukielekea ndani, na upake epoksi nyembamba juu ya nyuzi zilizofunguka.

Ndani ya shina la kaboni huwekwa plagi ya kupanuka, kamwe usiweke ile nyota ya chuma inayopigiliwa kwenye mashina ya aluminiamu, kwa sababu huchana ukuta wa ndani. Hakikisha mwili wa plagi umekaa ndani ya shina palepale stemu inapobana. Kaza skrubu ya kifuniko polepole hadi uma uache kucheza unapobana breki ya mbele na kusukuma baiskeli, na usukani bado uanguke wenyewe kulia na kushoto. Baada ya hapo ndipo ukaze bolti za stemu, kwa kupokezana, hadi Nm 5 au kiasi kidogo zaidi kilichoandikwa kwenye stemu au uma.

Kuhusu stemu na hendeli zenyewe, mimi hununua za aluminiamu za chapa inayoaminika, hata pale muuzaji wa fremu anapoziongeza za kaboni bila malipo. Hendeli inayovunjika haikupi nafasi ya pili.

Hatua ya tano: Kebo, hozi na nguzo ya siti

Kama hozi zako (mirija ya mafuta ya breki) zinapita ndani ya beringi ya juu, zipitishe kabla ya kukata shina, la sivyo utalazimika kuutoa uma tena. Kwenye fremu nyingine, funga kipande cha sponji kwenye ncha ya uzi, ukiweke kwenye tundu moja, na uvute hewa kwa mashine ya kufyonza vumbi kwenye tundu la pili. Uzi hupita kwa sekunde chache, kisha uutumie kuvutia hozi. Zivishe hozi sponji nyembamba kabla ya kuzivuta ndani, la sivyo zitagonga ndani ya bomba kwenye kila tuta.

Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na zile za SRAM za barabarani kwa sehemu kubwa hutumia mafuta ya DOT. Usichanganye; mafuta yasiyo sahihi huharibu mipira ya ndani.

Nguzo ya siti ya kaboni haipakwi grisi. Paka rojo la msuguano lenye chembechembe, ambalo hushika kwa toki ndogo, na uiingize hadi alama ya kina cha chini kabisa au zaidi. Nm 5 hutosha. Ikiteleza, ongeza rojo kwanza kabla ya kuongeza toki.

Hatua ya sita: Mfumo wa mnyororo na breki

Hapa kazi ni ileile ya baiskeli yoyote. Kaseti hukazwa kwa Nm 40, na diski za kufuli la katikati (zinazofungwa kwa pete moja ya katikati) hivyohivyo. Bolti za mkono wa kranki wa Shimano ni Nm 12 hadi 14, baada ya kukaza kifuniko cha kando kwa nguvu ya vidole tu. Pima unyofu wa hanga kabla ya kurekebisha gia, kwa kuwa nyingi hufika zimepinda kutokana na safari, na gia haziwezi kutulia juu ya hanga iliyopinda. Urefu wa mnyororo: uzungushe kwenye sproketi kubwa mbele na nyuma bila kupitia mkono wa gia, kisha ongeza pingili mbili.

Kabla ya kufunga kalipa za breki (vibanio vya pedi), weka rula juu ya viti vyake. Rula ikiyumba, viti havina usawa, na breki italia na kusugua diski daima. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kusawazisha.

Hatua ya saba: Safari ya kwanza

Endesha kilomita chache karibu na nyumbani, ukibana kila breki mara ishirini kutoka mwendo wa wastani ili pedi zikae. Rudi, na kwa spana ya toki pitia bolti zote za stemu, hendeli, siti na kalipa. Fanya hivyo tena baada ya kilomita 100, kisha toa nguzo ya siti na utazame nyuzi zake kwa tochi, na baada ya hapo ndipo uzungushie utepe wa hendeli wa kudumu.