Laptopu ya zamani usiitupe, itafutie ajira: hatua kwa hatua mpaka iwe seva ya picha

Kazi yangu ni kufungua kompyuta za watu, na kila wiki lazima aje mtu na laptopu ya 2011 au 2012 anataka iwe kama mpya, afungue tabo ishirini, aangalie video, aandike na ripoti, vyote kwa mpigo. Haiwezi jamani. Ila hiyohiyo ukiipa kazi moja tu na ukaiacha ifanye, itakaa miaka na utasahau kama ipo. Kwa hiyo hapa hatufundishani kuirudisha ujana, tunaitafutia ajira.

Na wengi wamezisusa sababu ya Windows. Sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na prosesa ambayo kwa upande wa Intel, ukitoa chache sana, ni kuanzia kizazi cha 8. Mashine ya 2012 ni kizazi cha 3. Sasa hapo mashine haijafa, imekataliwa tu mlangoni.

Hatua ya 1: Betri kwanza, kabla hujashika kitu kingine

Iweke juu ya meza iliyonyooka. Inayumba? Tachipedi imenyanyuka kidogo, au mfuniko wa chini umeanza kuachana pembeni? Hiyo betri imevimba. Usiichaji, usiikandamize irudi, na usije ukaitoboa eti upepo utoke, ile ni lithiamu na inawaka. Zima mashine, itoe betri taratibu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke wanakopokea taka za elektroniki. Laptopu nyingi zinawaka bila betri ukichomeka chaja, kwa hiyo kutoa betri sio mwisho wa safari.

Hili nalisema kwa uchungu maana liliwahi kunipata. Tachipedi ilikuwa haibofyeki, nikaagiza nyingine, nikafunga, nayo haibofyeki. Nikakaa naiangalia tu. Kuja kufungua mara ya pili ndo naona betri imetuna kama mto na inaisukuma tachipedi kwa chini, muda wote niliokuwa nahangaika na skrubu mkono wangu ulikuwa juu ya kitu ambacho kingeweza kuniunguza.

Hatua ya 2: Andaa flashi, uipime hadidiski

Toa kwanza data zako zote, halafu zitazame kwenye kompyuta nyingine kama zinafunguka. Kisha chukua flashi ya 8GB au zaidi, iwekee Ventoy (programu ya bure inayofanya kompyuta iweze kuwakia kwenye flashi), halafu kopi ndani faili za ISO, yani faili zenye mfumo mzima wa kuinstoli, kama unavyokopi faili lolote. Mi huwa naweka mbili, zote ni mifumo ya Linux ya bure inayokaa mahali pa Windows: Linux Mint Xfce ya kupimia na Debian ya kuinstoli. Kama mashine ni ya 32-biti, basi tafuta antiX (nayo ni Linux, nyepesi), maana Debian 13 ya 2025 imeacha kutoa instola ya 32-biti.

Buti kwa flashi, yani washa mashine ianzie kwenye flashi badala ya diski. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni F9, Asus ni Esc, bonyeza mara nyinginyingi mara tu unapowasha usisubiri logo. Mint ikishafunguka usiinstoli chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike hivi, sudo ikimaanisha unatoa amri kama msimamizi:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Yatakuja maandishi mengi, we tafuta mistari miwili tu, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho kulia ikiwa 0 kwenye yote miwili uko salama. Ikiwa sio 0 hiyo diski ipumzishe, usiipe picha za watu.

Na hata kama ni nzima, ushauri wangu toa hiyo ya kuzunguka weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5. Inaingia palepale kwenye nafasi ileile, skrubu nne basi. Hakuna pesa utakayotumia kwenye laptopu kuukuu ikaonekana kama hiyo, RAM inafuata kwa mbali.

Hatua ya 3: Chagua kazi. Moja!

Kama kibodi ni nzima ila waifai imekufa, ifanye mashine ya kuandikia, na kwa kweli bila intaneti utaandika zaidi. Kama skrini ni nzima ila bodi imekufa, zipo bodi ndogo za kuendeshea panoli ukapata monita, angalia tu namba ya panoli iliyoandikwa nyuma yake uagize inayoendana. Kama ina HDMI, ichomeke kwenye TV. Na kama skrini imepasuka, kibodi nusu, bawaba zimelegea, ila bodi inawaka vizuri? Hiyo ndo naipenda kuliko zote, hiyo ni seva, yani kompyuta inayokaa imewashwa ikitunza faili ambazo simu na kompyuta nyingine zinazifikia kwa mtandao wa nyumbani. Seva haihitaji kutazamwa.

Hatua ya 4: Seva ya picha za nyumba nzima

Kwa nini seva, sababu simu za watu zimejaa, na laptopu ina kitu ambacho kompyuta ya mezani haina: betri, kama yako haikuvimba ukaitoa. Umeme ukikatika haizimi ghafla katikati ya kuandika faili.

Buti Debian, instoli. Sehemu mbili tu ndo watu wanaharibu. Ukifika pale inapoomba paswedi ya root (akaunti ya msimamizi mkuu), iache wazi kabisa, bonyeza endelea. Ukiijaza, yuza wako hatapewa sudo na utakuja kulia mbele. Ya pili, kwenye orodha ya vitu vya kuinstoli toa tiki kwenye desktopu zote, weka kwenye SSH server (ya kuingilia mashine kutoka kompyuta nyingine) na standard system utilities. Skrini itabaki nyeusi na maandishi meupe, usiogope.

Tumia waya wa neti kwenda kwenye raota kama unaweza, waifai za laptopu za zamani zinachosha. Andika ip a uone anwani yake, mfano 192.168.1.50, halafu ingia kwenye setingi za raota uifunge anwani hiyo isibadilike. Kuanzia hapo unaweza kukaa kwenye kompyuta nyingine ukaingia kwa ssh jinalako@192.168.1.50, jinalako likiwa jina la yuza uliloweka wakati wa kuinstoli. Kisha weka Samba, programu inayofanya folda ionekane kwenye mtandao wa nyumbani:

sudo apt install samba
sudo mkdir -p /srv/picha
sudo chown jinalako /srv/picha
sudo nano /etc/samba/smb.conf

Shuka mpaka mwisho kabisa wa hilo faili uongeze:

[picha]
path = /srv/picha
read only = no
valid users = jinalako

Sevu utoke, halafu:

sudo smbpasswd -a jinalako
testparm
sudo systemctl restart smbd

testparm inakuambia kama umekosea mahali, usiiruke. Kwenye Windows andika \\192.168.1.50\picha pale juu kwenye folda, kwenye iPhone fungua Files uchague kuunganisha seva uandike smb://192.168.1.50, Android zipo app kama FolderSync zinazotuma picha zenyewe.

Hatua ya 5: Mfuniko

Hii nimeipa hatua yake kwa sababu ndo simu nnayopigiwa kila mara: "jana ilikuwa inafanya kazi leo haionekani". Nauliza swali moja tu, umeifunika? Ameifunika. Laptopu ukiifunika inalala, na seva iliyolala haipokei picha ya mtu. Fungua:

sudo nano /etc/systemd/logind.conf

Tafuta mstari wa HandleLidSwitch, ondoa ile alama ya # mbele, uandike HandleLidSwitch=ignore. Kisha ristati mashine nzima, ifunike, nenda kwenye kompyuta nyingine ujaribu kuingia. Ikikubali, umemaliza.

Hatua ya 6: Joto, umeme na betri

Isiwe juu ya kitanda wala ndani ya kabati lililofungwa, isimamishe kwa ubavu, feni ipate hewa. Umeme wenyewe ni mdogo, laptopu iliyotulia inakula kama wati 15, kwa saa 24 ni uniti 0.36, yani kama uniti 11 kwa mwezi.

Betri ndo ya kuangalia, maana kukaa 100% siku zote ndani ya joto ndiko kunakoivimbisha. Baadhi ya modeli zinakubali kuzuia chaji isipite 80, instoli tlp (programu ya kudhibiti umeme wa laptopu), ndani ya /etc/tlp.conf weka STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80. Isipokubali, basi kila mwezi ipapase kwa chini na uangalie kama bado imelala sawa mezani.

Halafu mambo mawili. Usifungue poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye raota ili uifikie ukiwa safarini, ndani ya siku hiyohiyo watu usiowajua wataanza kubahatisha paswedi. Na picha zikiwa kwenye seva peke yake hiyo sio bakapu, umehamisha tu sehemu ya kupotezea, chomeka diski ya nje mara kwa mara ukopi. Ukishakopi chagua picha moja yoyote kutoka kwenye hiyo diski uifungue kwenye simu. Ikifunguka, sasa ndo unaweza kuanza kufuta kwenye simu.