Namna ya Kuitembea Barabara ya Kenyatta, Nairobi

Barabara ya Kenyatta si ndefu, na mwenye haraka huimaliza kwa muda mfupi. Lakini anayetaka kuielewa atenge asubuhi ya Jumapili, magari yanapokuwa machache, aanzie upande wa Moi Avenue na kuelekea Uhuru Highway. Wakati wa ukoloni iliitwa Delamere Avenue, kwa jina la kiongozi wa walowezi ambaye sanamu yake iliondolewa baada ya uhuru. Ushauri wangu ni kwamba usianze na maghorofa, bali uzitafute alama za watu wa kawaida waliotwishwa mzigo wa historia hiyo.

Karibu na Mtaa wa Kimathi zimesimama sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Usiishie kwa wenye bunduki. Mtazame mpagazi, kwa kuwa wapagazi waliobeba vyakula na risasi za jeshi la Waingereza walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi, na majina yao hayamo katika maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yaliyochongwa hapo. Yasome yote. Kisha shika Mtaa wa Kimathi hadi kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliyozinduliwa mwaka 2007, miaka 50 tangu anyongwe na serikali ya kikoloni, halafu urudi.

Kwenye kona ya Mtaa wa Loita utaliona jengo la Kipande House, la mwaka 1913, ambako wanaume Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, yaani kitambulisho walichopaswa kutembea nacho kila waendako, kikiwa kimening'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Siku hizi ni benki. Litazame kutoka nje.

Karibu na Uhuru Highway ipo Nyayo House, yenye ofisi za serikali, ambayo katika vyumba vyake vya chini ya ardhi wapinzani wa utawala wa Rais Moi waliteswa miaka ya 1980. Usipige picha kabla ya kuwauliza walinzi. Jirani yake, katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ipo Nairobi Gallery, inayohifadhi kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Kiingilio hulipiwa, basi ulizia mapema bei na saa za kufunguliwa.