Jinsi ya kuficha matundu ya masikio kazini na ukweni bila kuyaharibu

Tuanze na hili manake ndo wengi wanapoharibu: kuficha sio kuvua. Tundu jipya ni kidonda, na kidonda hakitaki uchomoe hereni asubuhi kabla ya daladala halafu uichomeke tena usiku ukirudi, kila ukiichomoa unachana ile nyama changa iliyoanza kujijenga ndani, vidole navyo vinaacha uchafu wake, wiki ya tatu unaanza kuuliza watu mbona sikio langu bado linauma na linatoa maji. Kwahiyo kila kitu hapa chini kinasimama hapo, hereni inakaa sikioni, tunachofanya ni kuizuia isionekane.

Na kuficha kwenyewe kunaanza kabla hujatoboa. Nyama laini ya chini ya sikio inapona kwa wiki 6 mpaka 8 hivi, gegedu yaani ile sehemu ngumu ya juu ni miezi 6 mpaka 12 na kuna watu wanapitiliza hapo. Sasa piga hesabu ya likizo yako. Sheria ya Tanzania inakupa siku 28 kwa mwaka, Kenya siku 21 za kazi, kwahiyo hata ukitoboa siku ya kwanza kabisa ya likizo utarudi ofisini na tundu la chini ambalo halijapona na kama ni la gegedu ndo kwanza limeanza safari. Yani mpango wa "nitatoboa likizo nikirudi nitakuwa navua" kwa gegedu haupo, futa. Panga kuishi nayo kazini miezi yote hiyo.

Kwahiyo swali la kwanza kwa anayekutoboa lisiwe bei, liwe wapi. Ukingo wa juu wa sikio, upande wa nyuma, unafichwa na nywele au mtandio kirahisi kabisa. Tundu la pili na la tatu kule chini kwa mwanamke wala halishtui mtu siku hizi, weka vistadi, vile vipini vya kichwa kidogo, maisha yaendelee. Lile la ndani kwenye mkunjo wa sikio ukimtazama mtu uso kwa uso halionekani sana ila wa pembeni analiona. Gumu kuliko yote ni kale kanyama kadogo ka mbele kanakofunika mlango wa sikio, pale nywele hazifiki, hijabu ikisogea nyuma kidogo tu kanaonekana, na ukisema utaficha kwa iafoni unakandamiza kidonda na kukipaka uchafu wa iafoni kwa wakati mmoja. Kama kazi yako ina masharti makali mi ningesema pale paache tu. Halafu kumbuka na zile salamu zetu, ukiinama kumpa mzee shikamoo nywele zote zinaanguka mbele na sikio linabaki wazi hadharani, kwahiyo ukijiangalia kwenye kioo jiangalie na ukiwa umeinama.

Ajabu ni kwamba picha za zamani za wanawake wa Unguja na Lamu zinaonyesha sikio lina majasi chini na vipuli vimepangwa ukingoni mpaka juu, na walikuwa wanawake wa heshima zao, leo ukiingia ofisini na tundu moja pale juu unaitwa muhuni. Haya.

Sasa hereni yenyewe. Kwa tundu jipya unataka kipini kilichonyooka, nyuma kina kisahani bapa, mbele kina kichwa bapa kidogo, na kiwe titaniamu ile inayotumika hospitali kwenye vipandikizi vya mifupa, kiwango chake kinaandikwa ASTM F136, ukiuziwa uliza. Vile vya kupakwa rangi ya dhahabu vinavyouzwa kwenye kadi barabarani vingi vina nikeli ndani, na nikeli ndo inayowawasha watu masikio mpaka wanaamini "damu yangu haipatani na hereni". Bapa ni muhimu kuliko udogo, manake kijipira kinachochomoza kinashika mwanga na kinanasa kwenye kitambaa. Titaniamu inaweza kutiwa rangi ya shaba kwa umeme bila kupakwa chochote, na kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi ile shaba inapotea vizuri sana.

Hapo ndo naomba tubishane kidogo na ushauri wa mtandaoni, kila mtu anasema nunua ritena, yaani kipini kisicho na rangi cha kushikilia tundu lisijifunge, ya plastiki inayopenya mwanga. Kwenye ngozi nyeupe sawa. Kwenye ngozi zetu ile plastiki inang'aa kama tone la maji, mtu akikaa na wewe meza moja anaiona kabla hujamaliza kusema habari za asubuhi. Pia plastiki ya bei rahisi inakwaruzika na kwenye mikwaruzo bakteria wanajenga, sio kitu cha kidonda kibichi. Tundu likishapona kabisa ndo unaweza kuvaa ritena, na ya kioo ni nzuri zaidi maana inasafishika, plastiki ivae masaa ya kazi tu halafu uitoe.

Na kijiti cha chelewa? Wengi wetu tulitobolewa tukawekwa uzi au kijiti cha ufagio, na kweli kwa kujificha hakina mpinzani, kinafanana na ngozi kabisa. Shida ni mti, unanyonya majimaji, hausafishiki ndani, unaacha vibanzi. Tundu la miaka mingi likikaa na chelewa safi asubuhi moja hutakufa. Tundu jipya hapana.

Kitu kingine watu hawaambiwi, ile hereni ya kwanza inawekwa ndefu makusudi ili uvimbe upate nafasi. Baada ya wiki 4 mpaka 8 uvimbe ukiisha rudi kwa aliyekutoboa akuwekee fupi, yeye, sio wewe na binamu yako chumbani. Fupi inalala kwenye ngozi, hainasi, haionekani, na tundu linapona likiwa limenyooka.

Nywele, hijabu na saluni

Nywele za kuachia ni mficho mzuri ila rasta na wigi vina tabu zake. Usisuke wiki za mwanzo, rasta ndogo zinajizungusha kwenye hereni na ukigeuza shingo unaona nyota. Mwambie msusi kabisa kuna kidonda, kwasababu yale maji ya moto ya kuchovya rasta, jeli, spreyi, na dawa ya kulainisha nywele vyote vikigusa tundu vinachoma. Kama lazima uweke dawa basi ahirisha, kupaka mafuta ya mgando kuzunguka sikio kunasaidia ngozi lakini ukiyajaza kwenye tundu umeliziba. Draya ya kuingiza kichwa inakausha sana na kupasha chuma moto, omba ya mkono.

Wenye hijabu mmebarikiwa kwa upande wa kuficha, kazi yenu ni joto na msuguano. Ile kofia ya ndani inayobana ndo adui, inakandamiza sikio siku nzima na kwa joto la Dar au Mombasa jasho linakaa pale pale. Chukua ya pamba isiyobana, badilisha kila siku, pini zikae mbali na sikio, na ukifika nyumbani sikio lipate hewa. Kuvua kwa haraka ndo kunararua, shika kitambaa kwa mikono miwili kivute nje kwanza halafu juu.

Wanaume hamna pa kukimbilia sana, kofia ya viua haifiki masikioni na mzula ndani ya ofisi yenye kiyoyozi utavumilika siku mbili tatu ya nne bosi atauliza. Kwenu ni kichwa bapa cha rangi ya ngozi au msitoboe mbele kabisa. Helmeti ya boda nayo vaa taratibu, weka kitambaa safi ndani kama ni ya kukodi.

Plasta ndogo ya rangi ya ngozi juu ya hereni inafaa kwa shughuli ya masaa mawili, sio zamu nzima, inafungia unyevu. Na konsila paka kwenye kichwa cha hereni tu ikiwa tundu limepona, kwenye kidonda hakuna fondesheni hata ya bei mbaya.

Usafi ni mfupi kuliko unavyodhani. Osha mikono, chukua normal salaini ya duka la dawa, yale maji ya chumvi ya 0.9%, mwagia mbele na nyuma mara mbili kwa siku, kausha kwa shashi safi ya hospitali au tishu, basi. Ukikosa, robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwenye ml 250 za maji yaliyochemka na kupoa, usiongeze chumvi ukidhani ndo itapona haraka, inakausha ngozi. Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi, dawa ya meno, majivu, vyote acha, vinaua na ile nyama mpya. Usizungushe hereni, huo ushauri ni wa zamani. Lala upande mwingine, simu weka sikio la pili.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe ukiona, homa ya ini B na VVU vinapita kwenye sindano ya kushea. Na ile bunduki ya dukani isiguse gegedu, inaponda badala ya kutoboa na haiingii kwenye mashine ya kuchemshia vifaa.

Wekundu kidogo, maji meupe yanayokauka kuwa ganda, hiyo kawaida. Ila sikio la juu likivimba lote, likawa la moto, linauma ukiligusa popote na sio tundu tu, hapo usijaribu kuficha wala kusubiri Jumatatu. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na utando unaoifunika, maambukizi yakiingia kwenye ule utando gegedu inakufa na sikio linajikunja daima. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usichomoe hereni mwenyewe kwasababu tundu likijifunga usaha unabaki ndani, daktari ndo ataamua. Usinunue antibayotiki kwa kukisia, bakteria anayependa gegedu mara nyingi hasikii amoksisilini.

Kajipele kadogo pembeni ya tundu mara nyingi ni msuguano, ondoa kinachokwaruza na kanashuka. Keloidi, lile kovu linalovimba, ni kitu kingine, inakuja baada ya miezi, inakua kupita mipaka ya kidonda, haishuki yenyewe, na sisi weusi tunaipata zaidi. Kama kwenu zipo fikiria mara mbili kabla ya kutoboa. Ikishatokea muone daktari wa ngozi, kuna sindano za steroidi, ikikatwa peke yake inapenda kurudi tena kubwa zaidi.

Kuna mahali kuficha ni ujinga. Jikoni kwenye kiwanda cha chakula, chumba cha upasuaji, karibu na mashine inayozunguka, kule sheria ipo ili hereni isidondoke kwenye chakula cha watu au isikung'oe sikio. Na mpira, sheria namba 4 ya soka kwa miaka mingi imekataza mapambo yote na hata kuyafunika kwa tepu, kwahiyo refa akikutoa nje ya ndondo usimtukane. Mchezaji atoboe ligi ikiisha.

Kwa tundu lililopona, yani zaidi ya mwaka bila kusumbua, ukiwa na usaili au unaenda kupelekwa ukweni vua asubuhi, rudisha jioni, usiliache lilale bila hereni, la gegedu linabana haraka kuliko la chini. Kurudisha fanya baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, lowesha kipini kwa salaini, ingiza taratibu ukifuata njia. Ikigoma usilazimishe mpaka damu itoke, pumzika dakika kumi ujaribu kutokea nyuma, ikigoma tena kesho mpelekee aliyekutoboa akufungulie kwa kile kipini chake chembamba.