Jinsi ya Kufufua Klabu ya Wanachama Iwe Makao ya Jamii

Katika miji ya Kisumu, Nakuru, Kakamega na Kitale, ziko klabu za wanachama ambazo mlango wake hufunguliwa jioni tu, kwa ajili ya watu wachache wanaoketi kaunta, ilhali mchana kutwa viti vimerundikwa ukutani na mlinzi ndiye mtu wa pekee aliyemo. Klabu hizo zina paa, vyoo, maji na uwanja, vitu ambavyo kijana wa mitaa kama Nyalenda ya Kisumu au Kaptembwa ya Nakuru hapati kwa urahisi pahali pengine bila kulipia. Mwongozo huu ni wa wanachama waliobaki, wale ambao bado wanalipa ada na kuhudhuria mikutano hata wakiwa saba. Ninavyoona, klabu haifufuki kwa kupakwa rangi wala kwa kupangishwa kwa mwekezaji. Hufufuka wenye klabu wanapoongezeka, na saa ambazo mlango uko wazi zinapoongezeka.

Jambo la kwanza ni kuelewa ni nini kilichoidhoofisha klabu yenu. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na kwa miongo mingi waajiri wakubwa wa eneo hili, kuanzia shirika la reli hadi viwanda vya sukari, waligharimia burudani na michezo ya wafanyakazi wao. Mwajiri anapoanguka, klabu iliyoishi kwa fedha zake huanguka naye, na eneo hili limeshuhudia waajiri wengi wakianguka: viwanda vya Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka wa 2001, na cha Mumias mwaka wa 2019. Upande mwingine kuna mfano wa Ofafa Memorial Hall mjini Kisumu, ukumbi uliojengwa na chama cha Luo Union kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa. Huo ulitoka katika mifuko ya watu wenyewe. Ikiwa klabu yenu iliegemea mwajiri, msipoteze miaka mkisubiri mfadhili mwingine wa kuchukua nafasi yake. Hesabuni ni wanachama wangapi, na kwa ada gani, wanaoweza kulipa bili za umeme na maji, mshahara wa mlinzi na kodi ya ardhi ya kaunti. Idadi hiyo ndiyo shabaha yenu ya kwanza.

Daftari kabla ya jengo

Wengi huanza na paa linalovuja, kwa sababu linaonekana. Mimi nashauri muanze na daftari la wanachama, kwani bila daftari sahihi hamwezi kujua nani ana haki ya kupiga kura, na uamuzi wowote mtakaoufanya unaweza kupingwa na mtu ambaye hamjamwona kwa miaka kumi.

Chukueni daftari la zamani, ketini watu watatu wa rika tofauti, na mpitie jina kwa jina mkiandika kando ya kila moja: analipa, amehama, amefariki, simu haipatikani. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na haiwezi kufanywa na katibu peke yake, kwa maana mzee mmoja atakumbuka kwamba fulani alihamia Eldoret, na mwingine atajua kwamba watoto wa marehemu fulani wako papo hapo mtaani. Mara nyingi mtagundua pia mtu ambaye hakuwahi kuandikwa kabisa, hasa mke aliyekuwa akija na mumewe kwa miaka mingi, akapika katika sherehe za klabu, na mume alipofariki akabaki bila haki yoyote. Katiba nyingi za zamani ziliwahesabu wake kama wageni wa waume zao. Kifungu cha namna hiyo kiondolewe mapema, na wanawake waingie kama wanachama kamili wenye kura, kwa majina yao wenyewe.

Daftari likishasafishwa, lihifadhiwe kwa uangalifu. Majina, nambari za simu na za vitambulisho vya watu vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo orodha isibandikwe ukutani wala kusambazwa kwa WhatsApp.

Baada ya hapo ndipo wanachama wapya waalikwe. Kiingilio kikubwa kinachodaiwa kwa mkupuo huwafukuza vijana, walimu wa shule za msingi na wafanyabiashara wadogo, ambao ndio hasa mnaowahitaji; wakubalieni walipe kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja. Wanachama wa zamani wataogopa kwamba kundi jipya litaingia kwa wingi, lipige kura na kuuza kiwanja. Hofu hiyo ni halali na isipuuzwe. Inatosha kuweka masharti mawili: mwanachama mpya asubiri miezi sita kabla ya kupiga kura, na mali isiyohamishika isiuzwe wala kuwekwa rehani pasipo idhini ya theluthi mbili ya wanachama wote, si ya wale waliohudhuria mkutano peke yao.

Usajili na ardhi

Klabu nyingi za aina hii zimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo inahusu miungano ya watu kumi au zaidi. Sheria hiyo inadai mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na ripoti ya kila mwaka kwa Msajili wa Vyama, na inakataza kubadilisha jina au katiba ya chama bila idhini ya Msajili iliyoandikwa. Klabu iliyolala miaka mingi huenda ina ripoti nyingi ambazo hazijawasilishwa, na usajili wake unaweza kuwa umefutwa. Mtu mmoja atumwe kuuliza hali ilivyo kabla hamjachanga hata shilingi moja ya ukarabati. Kikundi kidogo kisicho na mali kubwa kinaweza kufaidika zaidi kwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, lakini klabu yenye kiwanja na isalie pale ilipo.

Kuhusu kiwanja, ombeni rekodi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi na mlinganishe na hati mliyo nayo. Angalieni jina la mmiliki, majina ya wadhamini (wale wanaoshikilia ardhi kwa niaba ya klabu) na tarehe ya mwisho ya ukodishaji. Ikiwa wadhamini wote wamefariki, na hutokea, teueni wapya katika mkutano mkuu na mtafute wakili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humpa Mkenya aliyekuwa akikodisha nafasi ya kwanza muda unapokwisha, mradi serikali haihitaji ardhi hiyo kwa matumizi ya umma, ila anayengoja hadi muda uishe hujiweka katika hatari bure. Anzeni kuomba upya mapema.

Kujaza saa za mchana

Hapa ndipo klabu inapogeuka kuwa mahali pa jamii, na hapa ndipo fikra nyingi zinahitajika. Chukueni karatasi, mwandike siku saba na saa zote kuanzia asubuhi, kisha mtie alama pale ambapo ukumbi unatumika. Mtaona kwamba asubuhi na alasiri ni tupu. Msizijaze zote kwa pamoja. Chagueni shughuli mbili ambazo tayari zina watu wanaozitafuta, kama vile wazee wanaocheza ajua (aina ya bao) au dama chini ya mti barabarani, ambao wanachohitaji ni meza, kivuli na chai. Au watoto wanaotafuta pa kufanyia kazi za shule Jumamosi kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja.

Shughuli moja ningeitanguliza kuliko zote. Mtu anapofiwa katika miji yetu, jamaa, majirani na marafiki hukutana jioni baada ya jioni kupanga mazishi na kuchanga fedha za kumsafirisha marehemu nyumbani. Mikutano hiyo mara nyingi hufanyika uani penye giza au katika baa ambako kila anayekaa hulazimika kununua kitu. Klabu inayotoa chumba bure kwa familia iliyofiwa, ikaweka meza ya mweka hazina mlangoni, ubao wa kuandikia michango na birika la chai, itajulikana mtaani kote katika muda mfupi, na watu waliopokelewa vyema wakati wa msiba hawahitaji kushawishiwa sana kujiunga.

Baa nayo ishughulikiwe kwa uwazi. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali vileo vinapouzwa au kunywewa, na leseni sasa hutolewa na serikali za kaunti. Kwa hiyo kaunta haiwezi kubaki katikati ya ukumbi ule ule ambamo watoto watasomea. Ihamishieni kwenye chumba chenye mlango wake, hata kikiwa kidogo. Sishauri kuifunga baa kabisa, kwa kuwa katika klabu nyingi ndiyo inayolipa bili, na wanachama wa zamani wana haki ya kuketi pahali walipozoea. Bali isiwe ndiyo inayoamua klabu ifunguliwe saa ngapi.

Fedha na funguo

Ada zote zipitie nambari ya malipo ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la klabu, kamwe si simu ya mtu binafsi, na fedha zitolewe benki kwa sahihi za maafisa wawili kati ya watatu. Muhtasari wa mapato na matumizi ubandikwe kila mwezi karibu na mlango, mahali ambapo hata asiye mwanachama ataweza kuusoma. Ukumbi ukodishwe kwa harusi na harambee kwa bei mbili, ya wanachama na ya wengine, na bei hizo ziandikwe ili kusiwe na mapatano ya pembeni.

Funguo huzua ugomvi kuliko fedha, ingawa ni nadra katiba kuzitaja. Wekeni seti mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa msimamizi wa zamu, pamoja na kitabu ambacho kila anayechukua ufunguo huandika jina, saa na hali aliyoukuta ukumbi nayo. Maafisa wanapobadilika baada ya uchaguzi, Msajili ajulishwe katika muda wa siku 14, na funguo, muhuri, hati ya kiwanja, vitabu vya hesabu na daftari la wanachama vikabidhiwe mbele ya mkutano, kila kitu kikisomwa kwa sauti kutoka kwenye orodha na kutiwa sahihi na anayetoa na anayepokea.