SOMO: Kuchukua sampuli ya gamba la kasa kupima metali (soma kabla hujaniingilia inboksi)

Jamani wanafunzi wa huku Uganda mkienda fildi pwani ya Kenya na Tanzania mnaniuliza yaleyale kila muhula, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia linki.

1. Vibali kwanza. Kasa wote wa bahari wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hata kakipande ka gamba hakapiti mpaka wa Malaba bila karatasi za nchi zote mbili.

2. Andika aina na urefu wa gamba. Kasa uziwa mkubwa anakula majani ya bahari, ng'amba anakula sifongo, msiwarundike jedwali moja.

3. KUSAFISHA. Hapa ndo kazi nyingi zinafia. Mgongo wa kasa una mwani, tope na vidudu vilivyoganda, na tope la karibu na bandari lina metali zake, ukikwangua hivyohivyo umepima tope halafu unaandika tasnifu nzima kwamba ni kasa. Sugua na brashi ya plastiki, suuza na maji ya maabara yasiyo na madini (bomba HAPANA), ndo ukwangue ukingo wa nyuma, juujuu tu, usifike kwenye damu. Kifaa kiwe plastiki au kauri maana chuma cha pua kina kromiamu na nikeli. Glavu zisiwe za unga, zinaleta zinki. Chupa ziloweke usiku kucha kwenye asidi ya nitriki asilimia 10, na unapoichanganya asidi ndo inamiminwa kwenye maji, ukigeuza itakurukia usoni. Halafu ile mnayoiruka wote: sampuli tupu. Chupa moja iende fildi, ifunguliwe, ifungwe, ipite kila hatua bila gamba. Ikisoma zinki nyingi, zinki ya kasa wako usiniletee.

4. Kausha, pima, peleka maabara. Sema kama ni uzito mkavu au mbichi.

MASWALI

mgeni77: Boss wembe wa kawaida si unafaa tu?
— Hatua ya 3.

mgeni77: Lakini nitauosha na asidi kwanza
— Asidi inaula huo wembe, unaongeza tatizo. Soma ssebo, sikuandika kujifurahisha.

nyabo_J: Samahani kaka, kwa nini gamba, damu si ingekuwa rahisi?
— Swali zuri dada. Damu inaonyesha alichokula karibuni. Gamba linakua polepole na protini yake ina salfa, zebaki inaing'ang'ania, so linatunza habari za muda mrefu. Ukiweza chukua vyote, ila damu weka kwenye chupa yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ile nyingine ya EDTA inapasua chembe za damu ya kasa. Na kadimiamu inarundikana kwenye figo, gamba halitakuambia yote, figo utapata kwa kasa aliyekutwa amekufa tu.

bodaboda_wa_Arua: Wale watu wa Pemba waliokufa kwa kula kasa ni hizi metali?
— Hapana. Wale wa Machi 2024 kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima 1, ni sumu ya nyama yenyewe, wakati mwingine kasa anakuwa nayo na kuipika hakuiondoi. Kupima metali hakuigundui, kwa hiyo mtu asikwambie "imepimwa zebaki, kula".

dogo_wa_kasese: Mimi bahari sina, nataka kupima samaki wa Ziwa George, somo hili linanifaa?
— Linakufaa sana. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamekaa kando ya mto Nyamwamba na mto huo unaelekea huko ziwani. Ila usipime mnofu peke yake, shaba inakaa zaidi kwenye ini, mnofu unaweza kusoma kawaida ukadhani ziwa ni safi. Mnofu ni wa zebaki, na ndio watu wanakula, so chukua vyote viwili na upime urefu wa kila samaki. Tope la ziwa pia, hata kidogo. Vikopo vya plastiki utapata soko la Kikuubo, Kampala, kwa bei ya jumla, chagua visivyotiwa rangi, vifuniko pia, maana rangi za plastiki zinaweza kuwa na metali ndani, na hata hivyo viloweke kwenye asidi kama nilivyosema.