Kuchagua Pikipiki ya Magurudumu Manne ya Bei Nafuu

Ikiwa unalima machungwa Muheza na unataka pikipiki ya magurudumu manne ya kuvuta tela siku za kazi na kukufikisha ufukweni Pangani siku ya mapumziko, hakikisha kwanza kwamba injini inaendesha magurudumu yote manne, kwa kuwa baadhi ya zile za bei ya chini husukumwa na ya nyuma tu, na hukwama kwenye tope la masika. Injini ya sentimita za ujazo 400 hadi 500 inatosha; Honda Rancher, kwa mfano, ina 420.

Iliyotumika hupunguza gharama, lakini huku pwani chumvi ndiyo adui: inama utazame uvunguni, gonga fremu, kagua viungio vya nyaya pamoja na mipira inayofunika jointi za ekseli, maana ikipasuka mchanga huingia na kuzisaga. Rangi mpya inayong'aa, mimi huitilia shaka. Kabla ya kulipa, ulizia vipuri mjini Tanga. Nyingi zimeundwa kubeba dereva peke yake, hivyo kupakizana mishikaki hakufai.