Jinsi ya kumtafutia mtoto mdogo timu ya mpira itakayompokea vizuri, hatua kwa hatua

Nafundisha mpira watoto wadogo hapa Dar, wale wa miaka 5 mpaka 8, na swali naloulizwa na wazazi kuliko yote ni "kocha, mwanangu nimpeleke wapi?" Wengi wakiuliza hivyo wanakuwa wameshaangalia vikombe, jezi, nani ana nyasi bandia. Mimi jibu langu ni moja tu, nenda kamwangalie yule mtoto asiyejua mpira kabisa kwenye hiyo timu, anavyoishi pale, basi utajua yote. Mwongozo huu nimeuandika kuzunguka hilo. Mifano mingi ni ya Dar kwa sababu ndiko niliko ila hata ukiwa Mwanza, Tanga au Mombasa mambo ni yaleyale.

Hatua ya 1: Ongea na mtoto kwanza

Muulize anataka nini, halafu nyamaza umsikilize. Mtoto wa miaka 6 mara nyingi hataki kuwa staa, anataka kucheza na Hamisi wa jirani au kuvaa soksi ndefu, na hizo ni sababu nzuri kabisa. Kama Hamisi ana timu tayari anza na hiyo, mtoto mwenye rafiki uwanjani anazoea haraka sana kuliko anayetupwa katikati ya sura ngeni.

Na wewe mzazi jiulize unatafuta nini. Kama kichwani una Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, sawa, Samatta mwenyewe ni kijana wa Mbagala na amefika mpaka Ligi Kuu ya Uingereza, ndoto si dhambi. Ila umri huu kazi ni mtoto aupende mpira, akimbie, aangushwe ainuke, ajue kungoja zamu yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji wastani wa angalau dakika 60 za mwili kuchangamka kila siku, na watoto wetu wa kwenye fleti na tablet hizo dakika hawazipati, kwa hiyo hata asipokuja kuchezea timu yoyote kubwa ameshafaidika.

Hatua ya 2: Tafuta karibu na nyumbani

Chora duara la mahali mnapoweza kufika kwa miguu au kwa bajaji fupi, uanzie hapo. Foleni ya Dar unaijua, mtoto akitoka shule saa tisa na nusu akakaa kwenye gari mpaka saa kumi na moja anafika uwanjani amelala, na wewe baada ya mwezi unachoka unaacha. Timu ya kawaida ya mtaani kwenu inayofanya mazoezi kweli mara mbili kwa wiki inaishinda akademi yenye jina iliyo upande wa pili wa jiji.

Utazipataje? Tembea Jumamosi asubuhi kuanzia saa moja mpaka saa tatu, au siku za kazi kuanzia saa kumi na nusu jioni, ndio muda madogo wanakuwa uwanjani kabla ya jua kali au likishapoa. Pitia viwanja vya shule za msingi, maeneo ya wazi ya mtaa, na vile viwanja vinavyojulikana kama Leaders pale Kinondoni, Tanganyika Packers Kawe au JMK Park pale Kidongo Chekundu. Uliza kwenye grupu la WhatsApp la darasa la mtoto, uliza serikali ya mtaa, na kila manispaa ina afisa michezo, wazazi wengi hawajui kama wanaweza tu kwenda kumuuliza timu zipi za watoto anazifahamu. Na wakati wa masika, Machi mpaka Mei, viwanja vingi vinajaa maji, usione uwanja mtupu ukadhani timu imekufa.

Hatua ya 3: Kaa pembeni uangalie mazoezi, mtoto mwache nyumbani

Hii ndio hatua kubwa na ndio wazazi wanairuka. Nenda kama mpita njia, kaa chini ya mti, angalia mazoezi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Usimwambie mtu umekuja kukagua.

Cha kwanza hesabu mipira. Ukikuta watoto 14 wamepanga foleni, mpira mmoja, kila mmoja anakimbia anapiga goli halafu anarudi nyuma ya mstari kusubiri, chukua simu uangalie dakika. Mtoto wa mwisho atagusa mpira mara ngapi ndani ya dakika kumi? Mara mbili, tatu? Muda uliobaki anachezea mchanga, anamsukuma mwenzake, anafokewa kwa utundu ambao umeletwa na foleni yenyewe. Kocha anayejua madogo atafanya kila njia kila mtoto awe na mpira wake au angalau wawili wawili, na kama mipira haitoshi atawagawa kwenye vigoli vidogo, wanne kwa wanne, ili kila mtu awe ndani ya mchezo. Sio lazima wawe na hela ndio wafanye hivi, nimeona kocha wa mchangani ana mipira mitatu ya kununua na mingine ni ya makaratasi na kamba, ile ya chandimu, na watoto wake wanagusa mpira muda wote.

Halafu angalia mpira wenyewe. Kwa watoto chini ya miaka 8 au 9 saizi yao ni namba 3, kuanzia hapo mpaka 12 hivi namba 4, namba 5 ni ya wakubwa. Ukiona mtoto wa miaka 6 anasukuma namba 5 iliyojazwa upepo mpaka imekuwa jiwe ujue atapiga kwa ncha ya kidole kwa sababu mguu unauma. Uwanja vilevile, watoto wadogo kuchezeshwa 11 kwa 11 kwenye uwanja mzima ni kuwachosha bure, wanaocheza ni wawili wenye mbio na wengine wanatazama. Uingereza U7 na U8, yaani watoto walio chini ya miaka 7 na 8, kwa miaka mingi walicheza watano kwa watano na mpaka U11 hawatangazi hata msimamo wa ligi zao, na hao ni watu wa mpira haswa. Kupiga kichwa pia, tangu 2020 mwongozo wao ni kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, kwa hiyo kocha anayewarushia madogo mpira wapige vichwa kwa foleni, mimi mwanangu simwachi pale.

Sasa mtafute yule mtoto niliyemsema. Kila timu anaye, mnene kidogo au mwoga au mgeni au anayekimbia vibaya. Mwangalie huyo tu kwa dakika kumi na tano. Kocha anamwita kwa jina lake au "wewe mnene"? Akikosa mpira wenzake wanacheka na kocha naye anacheka? Anapangwa golini kila siku kwa sababu hawezi kitu kingine? Kuna siku nilikaa kwenye uwanja wa watu nikaona mtoto wa kike, mdogo kuliko wote, amegoma kuingia, amesimama kwenye mstari analia. Kocha hakumvuta mkono na hakumwita mama yake. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akampa koni nne akamwambia nisaidie kupanga goli. Yule binti akapanga, akarudi kuzinyoosha vizuri, mpira ukapita karibu yake akaupiga, basi akawa ameshaingia mchezoni hata mwenyewe hajajua. Timu ya namna hiyo hata kama uwanja ni vumbi na magoli ni mawe, chukua.

Na adhabu. Pushapu kwa aliyekosa goli, kuzungushwa uwanja kwa aliyechelewa wakati anayemchelewesha ni mzazi, kofi, fimbo, matusi. Ukiona fimbo ya kuchapia pembeni ya uwanja usiulize ya nini, ondoka.

Hatua ya 4: Waone kwenye bonanza

Mazoezini kila mtu mpole, rangi halisi inatoka siku ya mechi. Angalia sabu, yaani wale wa kubadilishwa. Kama watoto wanne wamevaa jezi tangu asubuhi na bonanza limeisha jezi bado safi, hiyo timu inatafuta kikombe. Mtoto wa miaka 7 akikaa benchi hajifunzi uvumilivu, anajifunza kwamba hatakiwi. Wasikilize na wazazi wa pembeni maana ndio utakaokaa nao, wale wa kumtukana refa na kupigia kelele mtoto wa mwenzao watakuharibia Jumamosi zako zote.

Hapa niseme kitu kuhusu umri. Kwenye kundi moja la U7 kuna mtoto wa Januari na mtoto wa Disemba, wanapishana karibu mwaka mzima na kwa umri huo mwaka ni mkubwa mno, mmoja ana nguvu mwingine bado anajikwaa. Kocha asiyejua atamwita wa Januari kipaji na wa Disemba mzigo. Kama wako ni wa mwisho wa mwaka muulize kocha anawagawaje, na akikujibu "tunaangalia uwezo, wadogo wadogo tunawaweka pamoja kwanza" huyo anajua kazi. Timu inayofanya majaribio ya kuchuja watoto wa miaka 5, ipite.

Hatua ya 5: Ongea na kocha, na usione aibu

Msalimie, jitambulishe, mwambie una mtoto wa umri fulani, halafu uliza. Makocha wako wangapi kwa watoto wangapi? Mtoto akitaka chooni anapelekwa na nani? Mtoto akiumia kuna boksi la huduma ya kwanza na mnampigia nani? Mkisafiri kwenda bonanza mkoani wanalala wapi, na mzazi anaruhusiwa kuja? Picha za watoto mnaziweka wapi mtandaoni? Kocha mzuri hakasiriki na maswali haya, mimi yananifurahisha, najua huyu mzazi tutafanya kazi. Msimamo wangu ni kwamba mtu mzima mmoja asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pa kujificha, iwe ni kocha, refa au mzazi, na kocha asichati na mtoto kwenye simu bila mzazi kuwemo. Anayekuambia "mwache tu mtoto hapa, wazazi hawaruhusiwi kuangalia" usimwachie. Na ukiona au mtoto akikuambia kitu kibaya, namba ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia, kupiga ni bure.

Kama mtoto ana pumu, kifafa, hasikii vizuri, ana aibu kupita kiasi, sema siku hiyohiyo na usimfiche kocha. Jinsi anavyopokea taarifa hiyo ni jibu tosha. Anayeuliza "dawa yake anatembea nayo? nimwone anavyoitumia" ni tofauti kabisa na anayesema "hapa tunataka watoto fiti." Mabinti vilevile, uliza wanacheza au wanakaa kushangilia. Serengeti Girls, timu ya taifa ya mabinti wa Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U17 kule India 2022, kwa hiyo kocha wa leo anayesema mpira ni wa wavulana ameachwa na wakati.

Hatua ya 6: Hela

Uliza yote kwa mkupuo, ada ya mwezi, jezi, nauli ya bonanza, kiingilio cha mashindano, na kama mtoto akiugua mwezi mzima inakuwaje. Omba waandike hata kwa WhatsApp. Usilipe miezi mingi mbele kabla mtoto hajajaribu. Njumu usinunue mwanzoni, raba za kawaida zinatosha, mguu wa mtoto unakua haraka na njumu za kubana zinamfanya auchukie mpira. Chupa ya maji ndio muhimu.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza na wiki za mwanzo

Mfikishe mapema kabla wenzake hawajajaa, amkute kocha ametulia. Mlishe kitu chepesi, ndizi inatosha, wali wa kushiba saa kumi usimpe. Kaa mahali anakuona lakini usimfundishe kutoka pembeni, sauti mbili zinamchanganya. Akigoma kuingia, kaa naye pembeni muangalie pamoja, kesho kutwa mje tena, watoto wengi wanahitaji kuangalia kwanza.

Mkirudi usimuulize mmefunga ngapi, muulize umecheza na nani. Akianza kutaja majina, mambo yameanza kukaa sawa. Baada ya kama mwezi angalia asubuhi ya mazoezi, anatafuta soksi mwenyewe au tumbo linamuuma kila Jumamosi? Likiuma kila mara, nenda kakae tena chini ya ule mti uangalie bila yeye kujua. Ukiona hapamfai mtoe kwa heshima, mshukuru kocha, usitukane kwenye grupu, mji huu makocha tunajuana.

Na kama umezunguka hukupata, kusanya watoto nane wa mtaani, mpira namba 3 mmoja, ndala nne za kuweka magoli mawili, wanne kwa wanne, hakuna kipa, goli likiingia mpira unaanza kwa waliofungwa, kila baada ya dakika tano unachanganya timu upya ili asiwepo anayefungwa jioni nzima. Mkubwa mmoja asimamie na maji yawepo. Mkifanya hivyo kila Jumamosi saa ileile, wazazi wengine wataanza kukuuliza kama kuna nafasi.